Mifuko ya madini dukani: upi wa anayekamuliwa, upi wa mtamba, na upi wa anayekaribia kuzaa?

SWALI: Nafugia ndani ya banda huku Tukuyu. Nina chotara watatu wa Friesian. Wa kwanza anatoa lita 12 kwa siku, ana miezi mitano tangu azae, amehimilishwa mara tatu na hajashika mimba. Anakula matete, kilo nne za pumba ya mahindi na kilo moja ya mashudu ya alizeti. Wa pili nimemkausha na atazaa baada ya wiki saba, uzazi wa nne. Uzazi uliopita alianguka siku moja baada ya kuzaa, akasimama alipotundikiwa dripu ya kalsiamu. Wa tatu ni mtamba wa kilo kama 250. Anatafuna kamba, mbao za banda, na akiona mfupa hauachi. Hawa wawili wanakula matete, mabua ya mahindi na migomba, bila pumba. Dukani kuna mfuko wa bei kubwa (kalsiamu 18%, fosforasi 10%, chumvi 25%), mfuko wa bei nafuu (kalsiamu 20%, fosforasi 3%, chumvi 30%), jiwe jekundu la kulamba, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi), na chokaa ya kuku. Jirani anasema magadi yanatosha. Ninunue kipi, na nitoe kiasi gani?

JIBU: Muuza duka atakuuliza una ng'ombe wangapi. Swali la maana zaidi ni wanakula nini, na bahati nzuri hilo umeshalijibu. Kwa ulishaji ulioueleza, mfuko wa bei nafuu ndio unaomfaa anayekamuliwa, mfuko wa bei kubwa unamfaa mtamba, na huyo aliyekaushwa kuna vitu inabidi anyimwe kabla ya kufikiria cha kumwongezea. Wengi hufanya kinyume: mfuko ghali unakwenda kwa anayeleta maziwa, na mtamba anaambulia jiwe. Tupige hesabu uone.

Ng'ombe wa kilo 450 anayetoa lita 12 anahitaji takriban gramu 56 za kalsiamu na gramu 37 za fosforasi kwa siku. Kati ya hizo, gramu 18 za kalsiamu na 13 za fosforasi ni za mwili wake tu, na zinazobaki zinakwenda kwenye maziwa. Tuseme anakula kilo 50 za matete mabichi. Ukiondoa maji zinabaki kama kilo 9, nazo zinampa kalsiamu gramu 31 na fosforasi gramu 18. Pumba kilo nne zinaleta fosforasi kama gramu 17, lakini kalsiamu haifiki gramu 2. Mashudu kilo moja yanaleta fosforasi gramu 8 na kalsiamu gramu 3. Jumla: kalsiamu 36, fosforasi 43. Fosforasi imeshatosha na kuzidi kidogo. Kilichopungua ni gramu 20 za kalsiamu, na ukimpa gramu 100 za mfuko wa bei nafuu unapata gramu 20 kamili. Ukimpa mfuko wa bei kubwa, gramu 10 za fosforasi ulizozilipia zitaishia kwenye samadi. Mgomba utafurahi, mfuko wako wa fedha hautafurahi.

Namba hizo za malisho ni za wastani. Pumba ya mashine moja hutofautiana na ya nyingine, na matete yaliyokomaa kupita kimo cha mtu hupungukiwa karibu kila kitu. Ila mwelekeo haubadiliki: pumba na mashudu hubeba fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kwa hiyo kila unapoongeza pumba, pengo la kalsiamu linapanuka.

Kitu cha pili anachokosa ni chumvi. Anahitaji karibu gramu 24 za sodiamu kwa siku, na malisho ya nyanda zenye mvua nyingi kama zenu yana sodiamu kidogo sana. Tuhesabu kuwa yanampa gramu 4. Chumvi ya kawaida ina sodiamu asilimia 39. Gramu 100 za mfuko huo zina chumvi gramu 30, sawa na sodiamu kama gramu 12. Mwongezee gramu 20 za chumvi ya jikoni kwenye pumba na pengo limezibwa.

Sasa mtamba. Mnyama wa kilo 250 anayeongezeka zaidi ya nusu kilo kwa siku anahitaji fosforasi karibu gramu 15. Mabua na majani yaliyokomaa yana fosforasi kama asilimia 0.1 ya uzito mkavu. Akila kilo 6 na nusu za uzito mkavu, anapata gramu 6 hadi 7, yaani chini ya nusu. Migomba haimwokoi, maana sehemu kubwa ni maji na potasiamu. Hapo kutafuna mbao na mifupa kunaeleweka: ni dalili ya zamani na ya kuaminika ya upungufu wa fosforasi. Anayetafuta chumvi kwa kawaida hulamba jasho, mikono yako, ukuta wenye mkojo. Anayetafuta fosforasi hutafuna vitu vigumu. Mpe gramu 80 za mfuko wenye fosforasi 10% kila siku: atapata fosforasi gramu 8, kalsiamu gramu 14, na sodiamu inayomtosha. Mifupa iondoe bandani leo hii. Mfupa wenye mabaki ya nyama iliyooza unaweza kuwa na sumu ya botulini, inayopooza misuli na kuua ng'ombe ndani ya siku chache, na mnyama mwenye njaa ya fosforasi ndiye wa kwanza kuipata.

Lakini fosforasi peke yake haitamkuza. Mabua na migomba havina protini ya kutosha, na mnyama asiyekua kwa kukosa protini hatabadilishwa na madini. Mwongezee nusu kilo ya mashudu, au kilo mbili tatu za majani mabichi ya lukina au desmodiamu. Kama malisho yake yanakatwa bondeni kwenye maji, ofisa mifugo apime pia kinyesi kwa minyoo ya ini. Upungufu wa damu unaoletwa na minyoo hiyo hufanana sana na upungufu wa madini, na watu hulisha mifuko miwili mitatu kabla ya kushtuka.

Kuhusu kusoma lebo, kuna mitego miwili inayowanasa hata wafugaji wazoefu. Wa kwanza: lebo inaandika “DCP 20%”, na mnunuzi anadhani ameona fosforasi 20%. DCP yenyewe ina fosforasi kama asilimia 18, kwa hiyo mfuko huo una fosforasi asilimia 3.6 tu. Tafuta neno fosforasi lenyewe, au herufi P, na asilimia yake. Wa pili ni orodha ndefu ya madini bila kiasi chochote. Mfuko unaotaja madini kumi na mawili bila namba hata moja uache hapo hapo rafuni, hata kama picha ya ng'ombe ni nzuri.

Yale yanayohitajika kwa kiasi kidogo huandikwa kwa miligramu kwa kilo, au ppm, na hivyo viwili ni sawa, asilimia 0.1 ni miligramu 1000 kwa kilo. Malisho nayo yana chake, kwa hiyo ninachotaka kwenye mfuko ni angalau nusu ya mahitaji ya siku ndani ya gramu 100. Kwa ng'ombe wako anayekamuliwa maana yake ni shaba miligramu 650 kwa kilo au zaidi, zinki 2600, ayodini 33, kobalti 7, na seleniamu kama 20. Shaba iwe ya sulfeti. Shaba ya oksaidi ikiwa ya unga haifyonzwi vizuri. Zinki ya oksaidi haina tatizo. Chuma kikiandikwa kwa wingi usikihesabu kuwa faida: majani yenye udongo mwekundu yana chuma tele, na chuma kikizidi huzuia shaba isifyonzwe. Ng'ombe mweusi anayegeuka rangi ya kutu na kupauka kuzunguka macho mara nyingi ana upungufu wa shaba, hata kama shaba ipo kwenye malisho. Kobalti usiidharau kwa udogo wa namba yake. Vijidudu vya tumbo huitumia kutengeneza vitamini B12, na ikikosekana mnyama hukonda huku majani yakiwa yamejaa mbele yake. Huko Nakuru, Kenya, hali hiyo ilienea hadi ikapewa jina la mji wenyewe, Nakuruitis.

Jiwe jekundu si baya, ila lisipewe kazi isiyo yake. Mengi ni chumvi tupu kwa zaidi ya tisa ya kumi, na wekundu ni oksaidi ya chuma. Ulimi haupati mengi kwenye jiwe gumu. Gramu 30 hadi 50 kwa siku ni kawaida, na ng'ombe mmoja hulamba sana wakati mwenzake hata haligusi. Litundike kama nyongeza ya chumvi. Fosforasi usiitegemee huko.

Jirani yako yuko sahihi nusu. Magadi ni chumvi ya sodiamu, yenye sodiamu karibu asilimia 30, kwa hiyo yanaondoa hamu ya chumvi na ng'ombe anaonekana kutulia. Ila hayana fosforasi, hayana kalsiamu ya maana, na yale ya maziwa ya Bonde la Ufa mara nyingi huja na floridi, ambayo ikijikusanya huharibu meno na mifupa. Mtamba wako akilishwa magadi ataendelea kula mbao.

DCP ni nzuri kwa mtamba iwapo mfuko wa bei kubwa haupatikani: gramu 45 za DCP pamoja na gramu 20 za chumvi. Utakosa shaba, kobalti, ayodini na vingine, kwa hiyo ni suluhisho la muda. Chokaa ya kuku ni kalsiamu tupu, asilimia 34 hadi 38. Mfuko wa bei nafuu ukiisha, anayekamuliwa mpe gramu 55 za chokaa hiyo na gramu 50 za chumvi ukisubiri mwingine. Hakikisha ni ile ya mawe yaliyosagwa kwa ajili ya chakula cha mifugo. Chokaa ya kupakia kuta au kujengea imechomwa, nayo huunguza mdomo na utumbo.

Huyo asiyeshika mimba, naomba usitarajie mfuko umtibu. Hesabu yetu imeonyesha hakosi fosforasi, na fosforasi juu ya fosforasi haileti uzazi. Shaba, seleniamu, ayodini na zinki vikipungua kweli huvuruga uzazi, kwa hiyo mpe madini kama nilivyoeleza na uyaache yafanye kazi miezi miwili. Wakati huo huo angalia mambo yanayokosesha mimba mara nyingi zaidi. Kama mbavu na nyonga zimetokeza, amekonda, ongeza chakula. Kama ulimwona amesimama kupandwa na wenzake asubuhi, ahimilishwe jioni. Ukimwona jioni, ahimilishwe asubuhi inayofuata. Waliohimilishwa siku mbili baada ya dalili kwisha ni wengi mno. Ute unaomtoka akiwa kwenye joto (anapotaka dume) ukiwa na usaha au weupe, daktari wa mifugo achunguze kizazi kabla ya mbegu nyingine kupotea, na kama kuna dume la kijiji lililowahi kumpanda, aambiwe hilo pia.

Aliyekaushwa ndiye ninayemwogopea zaidi. Kuanguka siku moja baada ya kuzaa na kusimama kwa dripu ya kalsiamu ni homa ya maziwa, na aliyeipata mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuipata tena, hasa sasa anapoingia uzazi wa nne. Watu husikia “alikosa kalsiamu” wakaanza kummiminia chokaa wiki za mwisho za mimba. Hilo ndilo kosa lenyewe. Mwili unaopokea kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula huacha kuitoa kwenye mifupa. Siku ya kuzaa maziwa yanapovuta kalsiamu kwa ghafla, mifupa inachukua siku kadhaa kuamka, na ng'ombe huanguka kabla haijaamka. Potasiamu huzidisha tatizo: inafanya damu ielekee upande wa alikali badala ya asidi, na homoni inayoiamuru mifupa itoe kalsiamu haisikilizwi vizuri. Matete yaliyopandwa pembeni ya banda na kumwagiwa samadi na mkojo kila wiki hujaa potasiamu, na migomba ndiyo kabisa.

Kwa wiki nne zijazo mpe gramu 50 kwa siku za mfuko wenye fosforasi 10%. Zikibaki wiki tatu azae, badilisha. Asipewe chokaa wala DCP, aondolewe lukina, lusena, desmodiamu na migomba. Matete yake yakatwe shamba la mbali lisilopata samadi, yachanganywe na mabua au majani makavu ya asili, na aanze kuzoeshwa pumba, kilo moja hadi mbili kwa siku. Pumba haina kalsiamu na hapa udhaifu wake unageuka faida. Mfuko wa madini upungue hadi gramu 30, kwa ajili ya shaba na seleniamu tu, kwani seleniamu ikipungua kondo la nyuma huweza kukwama. Duka likiwa na oksaidi ya magnesiamu ya mifugo, changanya gramu 30 kwa siku kwenye pumba, kwa sababu bila magnesiamu ya kutosha mifupa haiitikii. Ina ladha mbaya, hivyo anza na gramu 10 na upandishe polepole.

Siku ya kuzaa kila kitu kinageuka. Akishazaa tu, na akiwa amesimama na kumeza vizuri, mpe dozi ya kalsiamu ya kunyweshwa kwa kipimo cha lebo, na nyingine baada ya saa 12. Kuanzia hapo apewe mfuko wa bei nafuu kama anayekamuliwa. Siku mbili za mwanzo usimkamue mpaka mwisho. Toa ya ndama na kidogo ya kupunguza uzito wa kiwele. Mchunguze saa 72 za kwanza: masikio baridi, kuyumba, shingo kupinda kuelekea ubavuni. Ukiona hayo mwite daktari bila kusubiri asubuhi. Akilala, mwinue kifua na umwegemeze na magunia ya nyasi asilale ubavu. Usimnyweshe chochote akiwa amelala hivyo, maana koo limelegea na dawa itaingia mapafuni. Dripu iwe vuguvugu, iingie taratibu kwa dakika kumi au zaidi huku daktari akisikiliza moyo. Kalsiamu inayokimbizwa kwenye mshipa husimamisha moyo.

Vipimo: usitumie “kiganja”. Chukua kilo moja ya unga wa madini, hesabu vijiko vya chakula vilivyosawazishwa hadi iishe, kisha gawanya 1000 kwa idadi hiyo. Utajua kijiko chako kina gramu ngapi za unga huo hasa. Chumvi na chokaa zina uzito tofauti, zipime kila moja. Gawanya madini ya anayekamuliwa mara mbili, pamoja na pumba ya asubuhi na jioni. Mtamba asiye na pumba, nyunyiza juu ya mashudu au majani yaliyokatwakatwa na kuloweshwa kidogo. Walionyimwa chumvi muda mrefu huila kwa pupa, kwa hiyo wiki ya kwanza toa nusu ya kipimo na maji yawepo mchana na usiku. Anayekamuliwa anataka lita 60 hadi 80. Mfuko uinue kutoka sakafuni na uufunge, kwani unyevu wa Tukuyu hugandisha chumvi, na mvua ikifika kwenye unga baadhi ya ayodini hupotea.

Vitu vichache viache kabisa. Mbolea ya DAP au mawe ya fosfeti ya Minjingu yasiyosafishwa si chakula: DAP ina amonia, na mawe ya Minjingu yana floridi nyingi. Tofali la kulamba lenye urea lisimfikie ndama aliye chini ya miezi sita. Na kama una kondoo, wasilambe madini ya ng'ombe. Shaba inayomfaa ng'ombe hujikusanya kwenye ini la kondoo na kumuua ghafla, wakati mwingine miezi mingi baadaye.

Mtamba anapaswa kuacha mbao ndani ya wiki chache. Akiendelea baada ya miezi miwili, peleka sampuli ya matete na mabua Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro au Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) wapime madini halisi, badala ya kununua mfuko wa tatu kwa kubahatisha. Na pumba ikipanda bei ukaipunguza kwa anayekamuliwa, rudia hesabu siku hiyo hiyo. Tuseme ameshuka hadi lita 8, anakula matete kilo 10 za uzito mkavu bila pumba wala mashudu: anahitaji fosforasi gramu 29 na anapata 20. Hapo mfuko wa bei nafuu haumtoshi tena, na gramu 90 za ule wenye fosforasi 10% ndizo zinazoziba pengo.